Mshua retina imeachia, wanasema watapiga leza humo humo kwenye upasuaji. Naomba ushauri

mtoto_wa_mshua: Wakuu habari zenu, mshua alianza kuona vidoa vyeusi vinaelea na vimwanga pembeni, mara kivuli kikaanza kufunika jicho kutokea upande mmoja. Daktari kasema retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaonasa picha) imechanika na imeachia, yaani imebanduka, apasuliwe wiki ijayo na humo humo wampige leza. Sasa kwa nini wasimpige leza tu akarudi home bila kupasuliwa? Na haitomuunguza akapofuka kabisa?

nesi_wa_macho: Pole mkuu. Leza peke yake inatosha retina ikiwa imechanika tu ila haijaachia. Ikishaachia kuna maji nyuma yake, ukipiga leza haishiki, sawa na kubandika kiraka kwenye tairi lililolowa. Kwa hiyo wanatoa kwanza ule ute wa ndani ya jicho, wanafyonza maji, retina ikishalala mahali pake ndo wanaingiza kifimbo chembamba cha leza wanapiga vidoti kuzunguka palipochanika. Vinaungua ndiyo, ila makusudi, lile kovu ndo linaigandisha. Kati kati ya retina, pale pa kusomea, hawapagusi.

mzee_wa_fitna: Si ndo ile leza ya kuachana na miwani hii?

nesi_wa_macho: Hapana, ile inachonga kioo cha mbele cha jicho.

binti_bimkubwa: Bimkubwa alifanyiwa kwa ganzi ya jicho tu, alikuwa anawasikia madaktari wanapiga stori. Kwa nilivyoona mimi leza ilikuwa cha mtoto, shughuli ni baada ya hapo maana kovu halikazi siku hiyo hiyo, linataka kama wiki mbili, so walimwekea gesi ya kuishikilia retina akawa analala kifudifudi, anakula kainama, chai anakunywa kwa mrija, na hasira juu. Ulizeni mapema mshua atatakiwa akaeje maana inategemea palipochanika. Na ndege asahau mpaka gesi iishe, huko juu inatanuka presha ya jicho inapanda vibaya.

mtoto_wa_mshua: Asanteni sana. Ataona kama zamani lakini?

nesi_wa_macho: Inategemea kama pale kati pameshaachia. Kwa jicho hilo bado anasoma?

mtoto_wa_mshua: Jana kasoma meseji kwenye simu bila shida, kivuli kipo pembeni tu.

nesi_wa_macho: Basi inaelekea pale kati bado hapajaachia, wiki ijayo ni mbali mkuu, pasije pakaachia kabla. Wapigie leo leo, waambie kati bado anaona na uulize kama wanaweza kumuwahisha, wakikuzungusha mpeleke mwenyewe.