Programu ya hesabu au mhasibu? Nimejiajiri, makadirio ya Machi yanakuja

nyegezi_kwetu:
Wakuu habari za jumapili. Nimejiajiri miaka kadhaa sasa, mambo ya kodi nilikuwa naenda mwenyewe ofisi za TRA (mamlaka ya mapato) nakadiriwa nalipa naondoka. Sa hivi kazi zimeongezeka na naona nikiendelea hivi nitaumia. Nina njia mbili, nilipie programu ya hesabu (QuickBooks naona wengi wanaitaja) niwe naingiza mwenyewe kila siku, au nimpe mhasibu aniandalie kila kitu. Kuna mhasibu kaniambia laki sita kwa mwaka, programu nayo ni malipo ya kila mwezi kwa dola. Kipi bora? Naomba waliotumia kweli ndo wajibu, tarehe 31 Machi sio mbali.

Mzee wa Kaunta Buku:
Kijana umetuuliza dawa bila kusema unaumwa nini. Biashara gani? TIN (namba ya mlipakodi) yako binafsi au ya kampuni? Mauzo kwa mwaka shilingi ngapi? Umesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani? Mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti, unayo? Bila hayo kila mtu hapa atakupa jibu la biashara yake yeye.

fundi_wa_excel:
Vyote viwili hela ya bure. Excel. Shiti moja mauzo, shiti moja matumizi, shiti moja wadaiwa, mwisho wa mwezi unajumlisha umemaliza. Mi natumia Excel toka nafungua duka la vipuri na sijawahi kumlipa mtu. Kama unaweza kutuma meseji kwa simu unaweza Excel.

nyegezi_kwetu:
Asanteni. Ni TIN yangu binafsi, VAT bado, mashine ninayo. Mauzo mwaka jana kama milioni 38 hivi.

Dada Zai:
Biashara gani sasa kaka?? Hilo ndo la kwanza uliloulizwa.

kibubu_cha_kodi:
Mimi ni mhasibu, nimesajiliwa NBAA (bodi ya wahasibu), nasema mapema ili mjue nimekaa upande gani. Kwa milioni 38 TIN binafsi upo chini ya milioni 100, kwa kawaida unaingia kwenye kodi ya makadirio inayoangalia mauzo. Kuanzia mauzo ya milioni 11 mpaka 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo. Kwako ni 1,330,000 kwa mwaka, unagawa awamu nne, Machi, Juni, Septemba, Desemba. Ingekuwa ni hayo tu ningekwambia ukweli kuwa huhitaji mhasibu wa laki sita, unahitaji ripoti za Z (za mauzo ya kila siku) za mashine yako zikae vizuri.
LAKINI huo mfumo hauwahusu watu wa huduma za kitaalamu, kiufundi, usimamizi, ujenzi na mafunzo. Hao hata kama wana milioni 15 wanatakiwa waandae hesabu, faida ijulikane, watozwe kwa faida. Ndo maana tunakuuliza biashara gani.

nyegezi_kwetu:
Samahani nilikuwa na mteja. Nafanya disaini, logo, ripoti za mashirika, mabango. Pia naprint fulana na kadi za harusi na za michango. Niko Mwanza, nina kijana mmoja ananisaidia upande wa fulana. Disaini za mashirika zilikuwa kama milioni 16 mwaka jana, zilizobaki ni fulana na kadi. Mashirika wakinilipa wanakata asilimia 5 kabisa.

Mama Rahma Arusha:
Haya sasa mambo yamebadilika.
Mimi nina biashara ya chakula cha sherehe na natumia QuickBooks, kwa hiyo najibu kama uliyetaka, aliyetumia. Uzuri wake najua nani ananidai na tangu lini, natuma ankara inaonekana ya heshima, na mteja mkubwa akiona karatasi ile hakusumbui bei. Zamani nilikuwa nafanya kazi ya watu mia tatu halafu sijui kama nimepata au nimekula mtaji, sasa naona kazi kwa kazi. Lakini wengi hawaelewi hili, programu HAIKUPELEKEI RITANI (fomu ya kodi ya mwaka) TRA. Haijui makadirio, haijui 3.5 wala kodi ya zuio mpaka wewe uiambie. Ukimaliza kuingiza bado unafungua mfumo wa TRA unajaza mwenyewe na kuchukua kontroo namba ya kulipia. Na kadi ya benki ikikataa kulipa dola, unafungiwa usione hesabu zako katikati ya mwezi.

fundi_wa_excel:
Ndo maana nasema Excel haifungiwi na mtu.

Mama Rahma Arusha:
Excel haifungiwi ila inafutika, laptopu ikiibiwa je? Kumbukumbu za biashara unatakiwa ukae nazo miaka mitano.

kibubu_cha_kodi:
Kaka wa Nyegezi hiyo asilimia 5 ni kodi ya zuio. Milioni 16 mara asilimia 5 ni laki nane. Hiyo laki nane ni kodi YAKO imeshalipwa kwa jina lako, inatakiwa ipunguzwe kwenye kodi ya mwaka. Hati za zuio unazo? Kila shirika lililokukata linatakiwa likupe.

nyegezi_kwetu:
Hakuna aliyewahi kunipa hati yoyote. Nilijua ndo imeenda.

kibubu_cha_kodi:
Basi anza hapo kesho asubuhi kabla hujanunua programu wala kumlipa mtu. Waandikie kwa barua pepe, taja ankara, tarehe na kiasi, omba hati. Laki nane ni zaidi ya hiyo ada ya mhasibu unayoiogopa.

Shemeji wa Tanga:
Mi niongee upande wa wahasibu maana kila mtu anasema mpe mhasibu mpe mhasibu kama vile wote ni sawa. Mke wangu ana saluni. Kuna jamaa alikuwa anakaa jirani na ofisi za kodi na begi lake, watu wote pale mtaani wanamwita mhasibu, anaongea vizuri, anajua maafisa kwa majina, mke wangu akamwamini akampa kazi. Yeye ndo alimfungulia akaunti kwenye mfumo, akaweka barua pepe yake yeye na namba ya simu yake yeye, akasema ni kurahisisha, ili mama asisumbuliwe na meseji. Kila awamu anakuja anachukua hela taslimu, anarudi na karatasi ina mhuri, mke wangu anaweka kwenye faili anaona mambo yako sawa. Awamu ya kwanza ililipwa kweli, zilizofuata zote hakuna kilichoingia. Tumekuja kujua tulipoenda kuhuisha leseni, pale wanataka tax clearance (hati kwamba huna deni la kodi), tunaangalia kwenye mfumo deni limekaa, riba juu yake, na ritani ya mwaka haikupelekwa kwa hiyo na faini ya kila mwezi inahesabu. Taarifa zote za kukumbushwa zilikuwa zinaenda kwenye simu ya yule bwana. Tukampigia mara yuko msibani mara yuko Handeni mara simu haipatikani. Mke wangu alilia mbele ya watu pale kaunta, mama mzima aliyekuwa analipa kwa wakati kila awamu anaonekana mkwepa kodi. Afisa aliyetuhudumia alikuwa muungwana, alitupangia tulipe kidogo kidogo, lakini hela ile tumeilipa mara mbili, na polisi mpaka leo ni njoo kesho.
Kwa hiyo mnaposema mhasibu mseme mhasibu gani. Kishoka naye anaitwa mhasibu.

Dada Zai:
Pole sana kwa shemeji. Vishoka wamewaumiza wengi, na wanawapata zaidi wenye saluni na maduka madogo kwa sababu hawana muda wa kwenda foleni.

kibubu_cha_kodi:
Pole sana ndugu. Na hili liwe sheria kwa kila anayesoma: akaunti ya TRA inakuwa na simu yako na barua pepe yako, paswedi unaijua wewe, na HELA YA KODI HAPEWI MTU MKONONI. Kontroo namba unaichukua, unalipa mwenyewe benki au kwa simu, jina linalotokea unapolipa liwe lako. Mhasibu unamlipa ada yake tu. Mshauri wa kodi anatakiwa awe amesajiliwa na TRA, orodha yao ipo kwenye tovuti, na mhasibu NBAA wanamjua. Ukimuuliza namba ya usajili akakasirika, achana naye.

Mzee wa Kaunta Buku:
Umeona sasa. Mimi nina kaunta buku, upande huu mauzo upande huu matumizi, risiti nabana kwa pini mwezi kwa mwezi. Afisa akija namfungulia. Sijawahi kukadiriwa kwa kubahatisha kwa sababu kitabu kinaongea.

fundi_wa_excel:
Mzee risiti za EFD zinafutika wino ndani ya miezi, hiyo pini inabana karatasi nyeupe.

Mzee wa Kaunta Buku:
Natoa fotokopi.

msukuma_og:
Turudi kwenye disaini. Mi nakataa kwamba disaini ni huduma ya kitaalamu. Kitaalamu ni wanasheria, madaktari, wahandisi, wahasibu wenyewe. Mtu wa logo ni fundi kama fundi cherehani. Akubali makadirio alipe milioni 1.3 alale.

kibubu_cha_kodi:
Shirika linalomlipa limeshamhesabu kama mtoa huduma, ndo maana linamkata zuio. Afisa akiona milioni 16 za huduma kwa mashirika hatakubishia kwa cherehani. Mimi ningeenda na barua niulize kwa maandishi, nijibiwe kwa maandishi.
Na asiogope sana kutozwa kwa faida. Tufanye hesabu. Faida ikiwa milioni 9, kodi ya mtu binafsi kwa mwaka ni 792,000. Ikiwa milioni 14 ni 2,136,000. Kodi ya makadirio na ya faida zinalingana faida ikiwa milioni 11 na ushee. Kwa hiyo kama kati ya milioni 38 kinachokubaki ni chini ya 11, kuandaa hesabu kunakusaidia. Sasa swali, faida yako ni ngapi?

nyegezi_kwetu:
Kusema kweli sijui. Fulana zinakula hela nyingi, nachukua Kariakoo, na wino, na umeme, na pango.

kibubu_cha_kodi:
Fulana za Kariakoo unapewa risiti ya EFD?

nyegezi_kwetu:
Mara nyingine. Mara nyingine wanaandika nusu ya bei.

Dada Zai:
Hapo ndo penyewe. Ukitozwa kwa faida, matumizi yasiyo na risiti ya EFD wanayakataa. Umenunua mzigo wa milioni 2 risiti imeandikwa milioni 1, ile nyingine TRA inaiona ni faida yako. Unamlipia kodi mtu wa Kariakoo.

msukuma_og:
Na ukimdai risiti kamili anakwambia ongeza bei au acha mzigo. Tusiwalaumu bure na wenyewe wana yao, mnakumbuka mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo wa Mei 2023, waziri mkuu ikabidi aende Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Mwaka uliofuata wakafunga maduka tena.

Mama Rahma Arusha:
Wana yao lakini anayeumia ni huyu wa Mwanza aliyesafirisha mzigo kwa basi bila karatasi ya kueleweka. Mimi nyanya na nyama nanunua sokoni, nani atanipa risiti ya EFD Kilombero? Hili jambo ndo TRA walishughulikie kabla ya yote, maana wanatufundisha ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti, nami nadai, sipewi.

fundi_wa_excel:
Nunua kwa wenye VAT basi, bei juu kidogo ila risiti inatoka yenyewe.

Mama Rahma Arusha:
Nyanya zenye VAT?

fundi_wa_excel:
Nilimaanisha fulana mama.

Shemeji wa Tanga:
Na lipa namba je? Mi nasikia zile taarifa za miamala nazo wanaomba kuziona.

Mzee wa Kaunta Buku:
Wakikukagua wanaweza kuomba. Ndo maana usichanganye hela ya ada ya watoto na ya duka kwenye laini moja, utashindwa kueleza ipi mauzo ipi mchango wa harusi.

nyegezi_kwetu:
Mimi ni laini moja hiyo hiyo, na michango ya kamati inapita humo humo.

Dada Zai:
Kaka tenga leo leo. Na huyo kijana wako unamlipa ngapi? Mshahara ukizidi 270,000 kwa mwezi kuna PAYE, kodi ya mshahara.

nyegezi_kwetu:
Hafiki hapo, nampa kwa kazi. Basi nitafanya hivi, nianze na barua za hati za zuio, halafu huyo mhasibu nimuulize namba yake ya NBAA. Programu nitajaribu mwezi mmoja. Ila bado sijaelewa, kama nikienda kuuliza TRA kuhusu disaini wakasema sistahili makadirio, miaka ya nyuma niliyokadiriwa wataifufua?

msukuma_og:
Ndo maana nikasema usiulize.

kibubu_cha_kodi:
Usimfundishe hivyo. Wakikukadiria upya na hukubaliani una siku 30 za kupinga kwa maandishi, na pingamizi halipokelewi mpaka ulipe ile sehemu usiyobishania au theluthi moja ya wanachodai, iliyo kubwa kati ya hizo ndo unayolipa. Siku 30 zinaisha haraka kwa mtu asiye na vitabu. Nitumie ujumbe pembeni nikuangalie ankara zako, sitakudai kitu.

msukuma_og:
Mhasibu ashapata mteja.

Dada Zai:
Mwache amsaidie mwenzetu. Jamani na mimi nina swali, kuna mtu anatumia ile VFD, ya kutoa risiti kwa simu, badala ya mashine? Mashine yangu inagoma kutuma Z tangu ijumaa na fundi wa wakala anataka elfu themanini kuja kuiangalia.

fundi_wa_excel:
Model gani dada? Na laini ya data iliyomo humo ndani ina salio?