Binti mfupi wa darasa la tano: nimwendeleze kwenye mpira wa kikapu?

Mwalimu_Temeke: Habari zenu wadau. Nafundisha michezo shule ya msingi. Nina binti mmoja, mfupi, lakini mpira ukigonga ubao yeye keshafika utakapoangukia, warefu wamesimama wanautazama. Nimkazanie yeye au nitafute warefu?

Kocha_Mkongwe: Mwalimu, mkazanie huyo huyo! Urefu huenda ukaja baadaye. Jicho la kusoma mpira ni adimu sana. Ila usimpe mpira wa saizi namba 7 wa kaka zake. Wanawake wakubwa wenyewe wanacheza namba 6. Chini ya miaka 12 mpe namba 5, na ringi ishushwe hadi mita 2.60 kutoka 3.05. Mpira ukimzidi nguvu atausukuma kutoka kiunoni, na mtindo huo kuutoa ni kazi kwelikweli. Warefu nao usiwatupe: yule Mtanzania mrefu, Hasheem Thabeet, alianza kikapu akiwa na miaka 15, na mwaka 2009 akawa wa pili kuchaguliwa timu zilipogawana wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani.

Mama_Mchezaji: Mie nasema kama mzazi. Nenda kwao kwanza. Jioni ndipo anachota maji na kubeba mdogo wake mgongoni. Mama yake ajue atarudi saa ngapi na nani atamsindikiza. Kama tatizo ni mavazi, FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, iliruhusu hijabu tangu 2017, na taiti ndefu ndani ya bukta inatosha.

Mwalimu_Temeke: Asanteni mno. Jumamosi naenda kwao. Namba 5 nitaipata wapi Kariakoo?