Nje ya nchi na mama, ila si Dubai. Niende wapi?

Binti Nanyamba:
Habari za jioni wakuu. Korosho zetu zimeuzwa mnadani, malipo yameingia, na safari hii nimeapa kumtoa mama nje ya nchi kabla hela haijageuka salfa ya mikorosho na mabati. Ana miaka 61, Mmakua wa Masasi, mbali alikofika ni Dar. Kila ninayemuuliza ananitajia Dubai. Maghorofa hayamsisimui mama. Anapenda bahari, watu wa kuzungumza nao na mahali pa kuswali. Kuna sehemu watu hawaitaji, ila ukifika unasema kumbe?

Msafiri wa Newala:
Dada, mpeleke Kisiwa cha Msumbiji, Ilha de Moçambique. Mamangu pia ni Mmakua. Nilikwenda peke yangu na mpaka leo najuta sikumchukua.

Kisiwa chenyewe chembamba, urefu kama kilomita 3, unakiingia kwa daraja ambalo magari hupishana kwa kungojana. Kilikuwa makao makuu ya Wareno hadi 1898, na UNESCO wamekiorodhesha tangu 1991. Ngome walianza kuijenga 1558, na pale nchani kuna kanisa dogo la 1522. Hayo utaonyeshwa tu. Mimi kilichonishika ni mtaa wa pili, wanauita Makuti. Mawe ya kujengea majumba ya Wareno yalichimbwa hapo hapo, kwa hiyo nyumba za wananchi zimekaa ndani ya shimo. Ukisimama barabarani unatazamana na paa. Wageni wote walikuwa wanapiga picha majumba. Mimi nilisimama pale shimoni hadi adhana ya alasiri. Wenyeji wengi ni Waislamu, mama hatapata taabu.

Kireno sijui. Asubuhi ya kwanza nilinunua mkate kwa mama mmoja, nikamjibu "koshukuru" kama nyumbani. Akaacha kuhesabu chenji, akaniuliza natoka wapi. Kimakua chao ni Kinahara, maneno mengine yalinipita, lakini tulikaa hadi jua likawa kali. Alikuwa amejipaka msiro, ule urembo wao wa mti uliosagwa, uso wote mweupe. Mchana akanipa matapa ya sirisiri, majani yanayoota ufukweni, yamepikwa kwa nazi na korosho. Korosho, dada! Wareno ndio waliotoa mkorosho Brazil wakaupanda Msumbiji, na leo unatulipia ada huku.

Kuna pia bustani ya kumbukumbu ya watumwa. Wamakua wengi walipitishwa pale. Mwambie mama mapema, asikutane nayo ghafla.

Usivuke mpakani Kilambo upitie Palma. Mkoa ule wa Cabo Delgado haujatulia tangu 2017. Nenda kwa ndege hadi Nampula, halafu ni kama kilomita 180 kwa barabara. Chapa zipo, ndizo daladala zao, ila kwa umri wa mama kodi gari. Ulizia hali ya usalama wiki ile ile ya safari. Viza hatuhitaji. Na usiende sasa, miezi hii ni ya vimbunga: Gombe ilipiga maeneo yale Machi 2022. Funga hela mpaka Juni, najua ni ngumu.

Mzee wa Mikindani:
Binti yangu, fikiria na Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro. Moroni kuna msikiti wa Ijumaa wa kale kando ya bandari, na mlima Karthala juu yake bado uko hai. Kikomoro mama atakielewa nusu. Akipewa kitu aseme "marahaba", kwao ndiyo asante.

Wa Ndanda:
Likoma, Malawi. Kanisa kuu lilianza kujengwa 1903 na wamisionari wale wale wa Kianglikana wa UMCA waliokuja Masasi 1876. Lakini ni ziwa, na mama kasema bahari.

Binti Nanyamba:
Shikamoo mzee wa Mikindani, Ngazidja naiweka akilini kwa mwaka mwingine. Msafiri, nimemsomea mama maneno yako yote. Alinyamaza, halafu akasema babu yake alivuka Ruvuma akiwa amebebwa mgongoni, akitokea huko huko kwa Wamakua. Sikuwahi kulisikia hilo. Kesho tunaanza kufuatilia pasipoti, hela nampa kaka anitunzie hadi Juni. Mama anauliza: yule wa mkate anakaa upande gani wa shimo?