Tupeane uzoefu: maumivu baada ya kubadilishiwa goti

Subira
Habari zenu ndugu zangu. Leo ni wiki ya 6 tangu nibadilishiwe goti la kulia. Kabla ya kwenda kila mtu alinieleza habari za chumba cha upasuaji, lakini hakuna aliyenitayarisha kwa usiku wa kwanza.

Nilichomwa ganzi ya mgongoni, na nyingine ya kuzima mishipa ya fahamu pajani. Upasuaji wenyewe sikuusikia, ila kugongwagongwa kwa mbali tu. Jioni nilisimama na fremu ya kutembelea, nikapiga hatua kadhaa. Nesi alipoleta vidonge nikavirudisha, nikamwambia siumwi. Saa 8 usiku ganzi ikaisha. Nililia, na dawa walizonipa hazikushika hadi kukaribia kupambazuka.

Mliopitia hili, mlifanyaje? Goti la kushoto nalo linasubiri zamu yake.

Babu Mstaafu
Pole sana binti yangu. Maumivu ukiyaacha yapande, kuyashusha ni kazi. Mimi nilimeza parasetamoli kila baada ya saa 6 niumwe nisiumwe, pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe. Ile kali ya jamii ya mofini niliiweka kwa ajili ya yakizidi. Mke wangu aliandika kila kidonge na saa yake kwenye daftari, maana dawa hizo zinakuchanganya hata siku. Hiyo kali inafunga choo! Nilikaa siku 5. Omba dawa ya kulainisha choo tangu mwanzo.

Mwalimu K
Mimi kilichonitesa ni kukunja. Niliweka mto chini ya goti kwa sababu ulinipa nafuu, mtaalamu wa mazoezi akauondoa siku hiyo hiyo. Alisema goti likizoea kukaa limekunjwa, kulinyoosha itakuwa shida. Akaniwekea mto chini ya kisigino badala yake, na kweli liliuma. Niliwahi kuruka mazoezi siku 2 kwa woga, na siku ya 3 goti lilikuwa gumu kama gogo. Baada ya hapo nikawa nameza dawa kama nusu saa kabla ya zoezi, nikimaliza nainua mguu na kuweka barafu iliyofungwa kwenye taulo kwa dakika 20. Kukunja goti hadi pembe ya nyuzi 90 nilikufikia wiki ya 4.

Tumaini
Naomba niongeze moja. Si kila maumivu ni ya goti. Wiki ya 2 shavu la mguu liliniuma, likavimba na kupata joto. Nikajiambia ndiyo kupona huko. Kumbe damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa. Ukiona hivyo nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ukibanwa kifua au pumzi usisubiri hata dakika. Homa au usaha kwenye kidonda navyo ni vya kukimbilia daktari.

Subira
Asanteni sana. Kuna aliyebadilisha yote mawili? La pili lilikuwaje?

Mama Wawili
Mimi hapa, yalipishana miezi 9. Kupona kulichukua muda ule ule, na usingizi wa kukatikakatika ulinifuata karibu miezi 2. Lakini mara ya pili nilimwambia daktari wa usingizi, yule anayechoma ganzi, mapema jinsi ya kwanza ilivyonitenda, tukapanga dawa zianze kabla ganzi haijaisha. Usiku ule uliokuliza wewe, mimi nililala hadi nesi aliponiamsha kunipima presha.