Mada: Picha aliyoonyeshwa binti yangu shuleni, naombeni ushauri

Kutoka: Mama wa Reading

Shikamooni wakubwa, na wengine wote hamjambo.

Najua hapa jukwaani, sisi Waswahili tunaoishi Uingereza, tumezoea kuulizana mambo ya viza, kodi ya nyumba na wapi unga wa sembe unapatikana kwa bei ya kueleweka. Leo nina jambo la mtoto.

Jumatatu binti yangu alirudi kutoka shule. Ana miaka 11, ndiyo kwanza kaanza sekondari. Akaweka begi, akaenda jikoni moja kwa moja, akafungua bomba akasimama analitazama. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mama, hivi Bibi anakunywa maji gani?"

Nikafunga bomba tukakaa. Kumbe asubuhi, wanafunzi wote wakiwa wamekusanywa ukumbini, walikuja watu wa kikundi cha misaada kuchangisha. Wakaonyesha ukutani picha ya mtoto wa kike, umri kama wake, anachota maji ya tope kwa kopo. Chini pameandikwa neno moja tu: Afrika. Mwenzake aliyekaa pembeni akamgeukia akamuuliza kama huko ndiko kwao. Binti mwenyewe anasema hakuulizwa kwa ubaya, na yule ni rafiki yake. Lakini siku ile hakunywa maji shuleni. Nilipofungua begi nilikuta chupa imejaa mpaka shingoni, kama nilivyompa asubuhi.

Hiyo chupa ndiyo iliyoniumiza.

Jioni tukampigia mama yangu Muheza, mkoani Tanga, simu ya video. Binti akamwomba amwonyeshe bomba. Mama akatoka uani taratibu, maana goti linamsumbua, akalifungua. Likakohoa hewa kwanza, likatoa maji ya kutu kidogo, halafu yakaja masafi. "Haya, umeyaona?" Kisha akageuza simu upande wa simtanki na ndoo tatu zilizofunikwa, akamwambia, "Juzi yalikatika siku mbili, tukatumia haya ya akiba. Na kule bondeni kwa shangazi yako bado wanachota kisimani." Hakumficha kitu. Binti akatulia, wakahamia kwenye habari za paka aliyezaa chini ya kitanda.

Nawaeleza yote haya kwa sababu sitaki kwenda shuleni kusema kwetu hakuna shida ya maji. Utakuwa uongo, na mama yangu atakuwa wa kwanza kunikana. Ila ile picha imemchukua bibi yake, Muheza, Cairo na Dakar, nchi 54 nzima, ikazitia zote kwenye kopo moja la tope.

Nilimwandikia mwalimu wa darasa maswali matatu. Mtoto huyu anaitwa nani? Picha imepigwa wapi? Mwaka gani? Jibu lilikuja jana, la adabu kabisa: yeye hajui, na aliowauliza nao hawajui, picha waliitoa kwenye tovuti inayouza picha.

Sasa naombeni. Aliyewahi kupita hapa alifanyaje? Niende shule au niache? Na hizi habari za runinga na magazeti anazoziona kila siku, mtu analalamika wapi nchi hii akasikilizwa?

Kutoka: Mzee wa Coventry

Marahaba mwanangu. Nenda shule.

Hayo maswali yako matatu nimeyapenda, na nitakueleza kwa nini. Oktoba 1984 nilikuwa nimepanga chumba hapa hapa Coventry, mwaka wangu wa pili ughaibuni, BBC ilipoonyesha njaa ya Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Sauti ilikuwa ya Michael Buerk, lakini kamera ilikuwa ya Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ambaye Camerapix, kampuni yake, aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1963. Sisi tuliokulia Dar jina lake tulikuwa tunalijua. Usiku ule nililia, na mwenye nyumba wangu, mama wa Kiingereza, alilia pia.

Kwa hiyo mtu asije akaniambia picha zile zilikuwa za kutuchafua. Watu wa Korem walikuwa wanakufa kweli, kwa ukame na kwa vita vya Derg, serikali ya kijeshi ya Ethiopia, na waasi wa kaskazini, na picha zile zilileta chakula. Amin aliendelea na kazi hata baada ya kupoteza mkono kwenye mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991. Alifariki Novemba 1996 katika ile ndege ya Ethiopian iliyotekwa ikaangukia baharini Komoro. Huyo alikuwa mtu wetu, na aliwapa Korem heshima ya kutajwa kwa jina.

Tatizo lilikuja baadaye. Korem ikafutika midomoni mwa watu, likabaki neno Afrika. Nimefanya kazi hospitalini miaka 27, nikisukuma wagonjwa kwenye vitanda, na hata mwaka 2005 kuna mgonjwa alinishika mkono kwa huruma akaniuliza kama nyumbani kwetu sasa wanapata kula. Mvua ilikuwa imenyesha Korem mara nyingi sana katikati hapo.

Kwa hiyo uliza jina, mahali, mwaka. Usichoke kuuliza.

Kutoka: Kaka wa Leeds

Dada pole sana, na mpe binti pole yangu. Mimi najibu la malalamiko, kwa sababu nimeshalalamika mara nne, na mara mbili nilisikilizwa.

Cha kwanza ni kujua mlango. Kama ni BBC, unaanza na BBC wenyewe, na una siku 30 za kazi tangu kipindi kilipokwenda hewani. Ukimaliza ngazi zao hujaridhika, ndipo unakwenda Ofcom, wasimamizi wa runinga na redio hapa Uingereza. Runinga na redio nyingine unaweza kwenda Ofcom, ila ndani ya siku 20 za kazi, ukichelewa basi. Magazeti mengi yako chini ya IPSO, chombo kinachopokea malalamiko dhidi ya magazeti, na huko una miezi minne. Guardian na Financial Times hawamo IPSO, wana utaratibu wao wa ndani.

Sasa shika hili, maana mimi liliniponyoka. Mara ya kwanza niliandika kurasa mbili za uchungu, nikadai ubaguzi. Ikakataliwa. Kanuni ya 12 ya IPSO, ile ya ubaguzi, inamlinda mtu mmoja mmoja anayeandikwa, hailindi kundi la watu, sembuse bara. Iliyonisaidia ni kanuni ya 1, ya usahihi. Gazeti moja liliandika mafuriko ya Kenya likaweka picha ya Msumbiji. Niliandika sentensi nne tu na kuambatisha viungo viwili vinavyoonyesha picha ile ilitoka wapi. Ndani ya wiki picha ilibadilishwa, na chini wakaandika kwamba wamesahihisha. Ukilalamika kwamba wanatudharau, wana njia mia za kukujibu. Ukisema picha hii si ya Kenya, hawana pa kutokea.

Msidhani ni kazi bure. Julai 2015, Obama akiwa karibu kutua Nairobi, CNN walisema anakwenda kwenye kitovu cha ugaidi. Wakenya walijaa Twitter na #SomeoneTellCNN, na Agosti mkubwa mmoja wa CNN, Tony Maddox, alipanda ndege mpaka Nairobi kumwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta.

Na haya mambo si ya heshima tu, yanaingia mfukoni. Mwaka 2014, Ebola ikiwa Guinea, Liberia na Sierra Leone, nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Nilirudi kutoka likizo Dar, meneja akaniambia nikae nyumbani siku 21 bila mshahara, kwa sababu "nimetoka Afrika". Nilichapisha ramani, nikapiga mistari miwili kwa rula: London mpaka Monrovia, kama kilomita 5,100. Dar mpaka Monrovia, karibu kilomita 5,700. Nikamwekea mezani. Sisi wa hapa Uingereza tulikuwa karibu zaidi na ugonjwa kuliko mama yangu Temeke! Aliitazama ramani muda mrefu, hakusema kitu. Mwisho chama cha wafanyakazi kiliingilia kati nikalipwa siku zangu zote. Kama hujajiunga na chama kazini kwako, jiunge wiki hii.

Kutoka: Mama wa Goma, Sheffield

Jambo sana wapendwa.

Nimesoma yote na mengi nakubali, lakini kuna kitu kinanitia woga. Kila mara nikisikia watu wetu wanasema runinga zionyeshe mazuri ya Afrika, maghorofa, mitindo, vijana wa teknolojia, najiuliza sisi wa Kivu, mashariki mwa Kongo, mtatuweka wapi.

Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Goma, dada yangu alilala sakafuni na watoto wanne, magodoro yameegemezwa madirishani, umeme hakuna, maji hakuna. Siku tatu sikusikia sauti yake. Runinga za hapa zilionyesha, sikatai. Februari Bukavu ikaanguka, wakaonyesha tena. Kisha wakageukia mengine, na mimi nikarudi kutafuta habari kwenye simu usiku. Kazini mwenzangu akaniuliza, "Kwenu vita haviishi?" kama mtu anayeuliza kama kwenu kuna mvua. Hakujua nani anapigana na nani. Hakujua Rubaya, machimbo ya koltani ambayo M23 wameyashika tangu 2024, wala kwamba madini hayo yanatengenezea vifaa vilivyo ndani ya simu kama aliyoshika mkononi wakati ananiuliza.

Kuonyeshwa vita bila sababu yake ni sawa na kuambiwa kwamba ndivyo tulivyoumbwa. Kwa hiyo dada, ukienda shuleni usibebe mazuri peke yake. Mama yako amefanya vizuri kumwonyesha mtoto bomba pamoja na ndoo. Waambie watoto maji yanakatika kwa nini. Hicho ndicho hawaambiwi.

Kutoka: Mama wa Reading

Ahsanteni sana. Nimesoma jumbe zenu mara mbili, na ule wa Mama wa Goma mara tatu. Dada, tunakuombea wewe na watu wako.

Nilikwenda shule leo mchana. Mwalimu wa darasa alimwita mwalimu wa jiografia, na huyo ndiye niliyeelewana naye haraka. Jana usiku nilikuwa nimesoma mtaala wa kitaifa wa England, na kwa wale wenye watoto wa miaka 11 hadi 14, usomeni: unataka wasome eneo moja la ndani ya Afrika, watu wake na mazingira yake. Eneo, si bara zima. Shule za akademi, zile za serikali zinazojiendesha zenyewe, hazilazimiki kuufuata, lakini nyingi zinaufuata, na hii ya kwetu ni mojawapo. Nikamuuliza mwaka huu wamechagua wapi. Akasema bado. Nikampa Tanga.

Amenipa dakika 40 Alhamisi ya wiki ijayo. Nilikuwa nimepanga kupeleka vitenge na picha za ufukweni, nimeviacha. Tutafuata bomba la mama yangu: maji yanaanzia wapi, yanapita wapi, pampu inaendeshwa na nini, kwa nini wa bondeni halijawafikia, bili inalipwa vipi kwa simu. Ndugu yangu mmoja Muheza ni fundi bomba, amekubali kuongea na darasa kwa video, nami nitatafsiri. Kuhusu wale wa misaada, shule imesema picha yoyote itakayoonyeshwa ukumbini kuanzia sasa lazima iwe na jina la mahali na mwaka. Sijui kama watalishika, lakini limeandikwa kwenye barua pepe na nimeihifadhi.

Nina ombi. Nataka picha kumi za maji kutoka kwa watu wenu nyumbani, popote pale, Mombasa, Bujumbura, Kampala, Goma. Kisima, bomba, boza, mkokoteni wa madumu, tangi la juu ya paa, lolote lile. Aliyepigwa awe amekubali, na muandike jina la mahali na mwaka.

Mama yangu ameshakubali, kwa masharti mawili. Picha ipigwe akiwa amevaa khanga mpya, na majina yake yaandikwe yote matatu. Maelezo ya picha ameandika binti mwenyewe, kwa Kiswahili juu na Kiingereza chini: majina matatu ya bibi, Muheza, Tanga, Tanzania, saa mbili asubuhi, maji yamerudi.

Nitumieni kabla ya Jumanne.