Mahindi yameloa na mafuriko, nifanyeje yakauke haraka?

MkulimaWaWikendi: Assalamu alaikum wanajamvi. Naishi Likoni, shamba langu la ekari mbili liko upande wa Lungalunga, karibu na mto Umba. Mto ulifurika, maji yakakaa shambani siku nne na mahindi yashakomaa. Mengi yalilala topeni. Nimevuna, nimepukuchua, yako ndani kwenye magunia. Jua halitoki, ni manyunyu kutwa. Nifanyeje? Silali.

BintiKisauni: Waalaikumu salaam. Kwani nani alikwambia ulime kando ya mto?

MpwaWaKinango: Umeharakia kupukuchua. Punje mbichi zikifungiwa guniani hupata joto, na unyevu pamoja na joto ndivyo huleta ukungu. Tia mkono katikati ya gunia usikie. Mwaga yote leo juu ya turubai, yasilundikane, washa feni, geuza kila saa. Ghalani unyevu usizidi asilimia 13.5. Huna mashine? Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chumvi kavu na punje, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado mabichi. Ni ya kula au ya kuuza?

MkulimaWaWikendi: Joto lipo kiasi. Turubai ninalo moja.

MpwaWaKinango: Sikuuliza turubai.

MzeeWaFeri: Vijana, El Nino ya 1997 barabara ya Nairobi ilikatika, bei ya unga ikapaa. Marehemu mama akatupikia muhogo mpaka mdogo wangu akaapa hataugusa tena. Mpaka leo hali, na ameoa Mgiriama!

MkulimaWaWikendi: Haya. Ni ya kuuza. Nishapokea arubuni ya elfu ishirini kwa mwenye kinu, Ijumaa anakuja kuchukua magunia 30. Lakini ukungu si mwingi! Punje za kijani tumezichambua na mke wangu. Na ugali si unapikwa? Moto huua kila kitu.

MpwaWaKinango: Moto hauondoi sumukuvu, ile sumu ya ukungu, shekhe. Ukambani mwaka 2004 walikufa watu zaidi ya mia kwa mahindi yaliyowekwa na unyevu, nao walikuwa wakiyapika. Na punje yaweza kuwa safi kwa macho, sumu imo. Usimpe ng'ombe pia, itatokea kwenye maziwa.

Tunu_Bamburi: Kumbe ndiyo maana ugali wa kibandani una rangi ya bahari 😂

BintiKisauni: Wacheni mzaha, watu wana watoto. Rudisha pesa za watu.

KijanaShimbaHills: Ngojeni kwanza. Ekari mbili, maji siku nne, mengi yamelala topeni, halafu magunia 30? Mie mwaka wa heri ekari hunipa kumi. Huyu anatutungia hadithi.

Tunu_Bamburi: Weka picha!

MkulimaWaWikendi: Wallahi sijatunga. Yangu ni 11. Mengine nilinunua kwa majirani, waliniachia bei ya kutupa kwa kuwa yashaloa. Ile arubuni ndiyo niliyonunulia. Nitarudisha nini?

BintiKisauni: Kwa hiyo uliyanunua ukijua.

MkulimaWaWikendi: Nilijua jua litatoka.

MzeeWaFeri: Mwezi huu? Hata sisi wa feri twajua.

MpwaWaKinango: Chupa umetikisa?

MkulimaWaWikendi: Chupa tatu, magunia matatu tofauti. Chumvi imeganda zote mpaka shingoni. Mwenye kinu amepiga simu sasa hivi, anauliza kama aweza kuja Alhamisi.