Land Rover 109 ya petroli inazima ikishapata joto, ikipoa inawaka. Nianzie wapi?

Mwenye 109, Iringa

Wakuu, heshima kwenu. Nina Land Rover Series III 109 ya mwaka 1976, injini ya petroli lita 2.25, aliyoniachia marehemu baba. Asubuhi inawaka mara moja na kutulia vizuri. Shida ni ikishapata joto. Juzi natoka Ruaha Mbuyuni, katikati ya mlima wa Kitonga ikaanza kumisi, ikapigapiga kwenye silensa, mwisho ikazima. Staata inazungusha kwa nguvu lakini injini haishiki. Kona zile mnazijua, malori yananipita kwa karibu mno. Nikaweka mawe kwenye matairi, nikasubiri ipoe, ikawaka kama haijawahi kuugua. Tangu hapo inarudia kila safari ndefu.

Plagi ni mpya, waya za plagi mpya, kabureta imesafishwa. Koili, ile inayokuza umeme wa betri kuwa moto wa plagi, walinibadilishia gereji mwezi uliopita. Sasa fundi mmoja anasema valvu zimechoka, tufumue injini. Sitaki ifumuliwe kwa kubahatisha. Gari hili ndilo lilibeba mahindi yaliyotusomesha. Naombeni ushauri.

Dereva wa Nyanda

Pole sana mkuu. Mimi nahisi petroli. Pampu imefungwa ubavuni mwa injini, joto la mlima likizidi petroli inachemka ndani ya bomba, na mvuke haupampiki. Ikizima tena, funga kitambaa kibichi kwenye pampu na bomba lake uone.

Fundi wa Zamani

Hilo la petroli hutokea kweli. Ila kule kupigapiga kwenye silensa kunaniambia moto wa plagi unakatika huku petroli bado inaingia, kwa hiyo isiyoungua ndani inaenda kuungulia nje. Valvu usiziguse kwanza. Valvu iliyochoka haiponi kwa kupumzishwa pembeni mwa barabara.

Tembea na plagi moja ya akiba. Gari likizima, kabla halijapoa, chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke kwenye hiyo ya akiba, ilaze igusane na chuma cha injini, mbali na kabureta. Usiishike kwa mkono. Mwenzako apige staata. Cheche ya buluu inayolia ta-ta-ta maana yake moto upo, rudi kwenye petroli. Ikiwa ya njano na nyembamba, au hakuna kabisa, ugonjwa uko kwenye umeme.

Hapo fungua kepi ya distributa, ile inayogawa moto kwa plagi, tazama uso wa pointi, swichi ndogo inayounga na kukata umeme wa koili. Ukikuta upande mmoja una shimo na mwingine una kichuguu, shuku kondensa. Kazi yake ni kumeza umeme pale pointi zinapoachana, ili koili ikatiwe ghafla na kutoa moto mkali. Ikichoka, cheche zinarukia kwenye pointi badala ya kwenda kwenye plagi, na mara nyingi inachokea kwenye joto tu. Safisha kwa msasa laini, kisha weka nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40 pointi zikiwa zimefunguka kabisa. Kagua na ule waya mwembamba ndani ya distributa. Huwa unakatikia ndani ya ngozi yake, kwa macho unaonekana mzima.

Sasa hiyo koili mpya ndiyo inayonitia wasiwasi. Toa waya zake, weka mita kwenye vichwa viwili vidogo. Gari lako linataka ukinzani wa omu 3 hivi. Kuna koili za omu 1.5 za magari yenye rezista ya nje, yaani kipunguza umeme. Ukiifunga moja kwa moja kwenye volti 12, inavuta ampea 8 badala ya 4. Inachemka, na pointi zinaungua nayo.

Kijana wa Tanga

Kwa nini usiweke mfumo wa elektroniki uachane na pointi kabisa?

Fundi wa Zamani

Ni mzuri, siupingi, na moto wake hauyumbi. Lakini ukifia porini unavutwa. Pointi unazirekebisha kwa bisibisi na kipande cha msasa. Na hata mifumo hiyo ya elektroniki, mingi inataka koili sahihi ile ile, kwa hiyo tuanze na koili.

Mwenye 109, Iringa

Fundi, Mungu akubariki. Nimepima leo: omu 1.6. Nimefuta vumbi kwenye mwili wa koili, kumbe imeandikwa itumike na rezista, na rezista gari langu halina. Pointi zina shimo kama ulivyosema. Ya omu 3 nimeipata, nafunga kesho. Kondensa nayo nibadilishe?

Fundi wa Zamani

Badilisha pointi kwanza, kondensa iache, maana shimo hilo huenda limeletwa na koili ile. Ya zamani iliyotoka na gari mara nyingi inazishinda hizi mpya za bei rahisi. Mpya nunua, itunze kwenye gari kama akiba. Pointi mpya zipake grisi kidogo sana kwenye kisigino, pale zinaposuguana na kemu inayozifungua, na baada ya kilomita mia tano pima nafasi tena, maana kisigino hicho kinalika mwanzoni na nafasi inapungua. Ukisimama, usiache funguo imewashwa huku injini imezima. Pointi zikiwa zimegusana koili inaungua kimyakimya. Ukishapanda Kitonga na mzigo, rudi hapa utuambie.